Vita ya mtandao: wakipigwa wanaoshika mji, nani anabaki gizani?

Tangu AFC/M23 ishike Goma mwishoni mwa Januari 2025, kundi lenye silaha ndilo linaendesha mambo ya kila siku: lina gavana wake, linalipisha kodi, linatoa hati. Benki zilipofungwa, mwezi wa 4 likafungua CADECO. Je, adui akilipiga kundi kama hilo kwa kompyuta, mkaaji wa kawaida ataumia?

Vita ya mtandao ni nini?

Ni kuingia kwa siri katika mashine za adui, kusoma mawasiliano yake, kufuta data ao kuzima mitambo. Mwaka 2016, Marekani ilifanya operesheni Glowing Symphony juu ya kundi la Dola la Kiislamu, ambalo Mosul na Raqqa lilikuwa na mahakama, kodi na wafanyakazi wa maji na umeme. Wamarekani waliiba maneno ya siri, wakafunga akaunti na kufuta mafaili ya propaganda. Walilenga sauti ya kundi, hawakulenga bomba la maji.

Shida iko wapi?

Antena ni moja. Ile anayotumia mpiganaji kupiga simu, ndiyo mama muuza sambaza wa Birere anatumia kupokea makuta kwa Airtel Money ao M-Pesa. Benki zimefungwa, wengine wanavuka mpaka Gisenyi kutafuta noti. Ukizima mtandao ili kukata kodi ya wenye silaha, umekata pia chakula cha watoto.

Na umeme? Mwezi wa 12 mwaka 2015, wavamizi wa mtandao walikata umeme Ukraine, wateja karibu 225 000 wakabaki gizani kwa masaa. Goma inajua maana yake: katika mapigano ya Januari 2025 umeme ulikatika, bomba zikakauka, watu wakachota maji ya ziwa Kivu. Siku ile haikuwa kompyuta, lakini kiu ni ileile.

Sheria inasema nini?

Protokole ya pili ya Geneva, ya mwaka 1977, inakataza kushambulia mitambo ya maji ya kunywa, hata katika vita vya ndani ya nchi. Msalaba Mwekundu wa kimataifa unasema sheria za vita zinahusu kompyuta pia. Na kwa maoni yake, karani anayeandika hati ofisini bila kupigana hageuki askari kwa sababu tu ofisi iko mikononi mwa kundi lenye silaha.

Mkaaji afanye nini?

Asiweke makuta yote kwenye simu moja. Asimpe mtu namba yake ya siri, hata anayejiita wa kampuni. Hati za shamba, za shule na za hospitali azitunze kwenye karatasi. Mtandao ukizimwa, karatasi inabaki.