Je, Wajua? Kijana wa Mapenzi Aliyegeuka Kijitabu

Je, wajua kwamba neno la Kiingereza «pamphlet», kile kijitabu chepesi cha chanjo au cha kampeni, lilitokana na kijana aliyeshikwa na mapenzi?

Katika karne ya 12 lilienea Ulaya shairi la Kilatini kuhusu Pamphilus, aliyempenda Galatea asijue ampateje, hadi akamwendea bibi kizee amfanyie ukuwadi. Jina la Pamphilus ni la Kigiriki, yaani mpendwa wa wote, na kweli shairi lilipendwa: wanafunzi walilisoma, wanakili wakalinakili katika kurasa chache zisizo na jalada. Wasomaji wakaliita shairi kwa jina la kijana huyo katika umbo la udogo. Kufikia karne ya 14 kila andiko fupi lilibeba jina hilo, liwe la mapenzi au la kodi. Ni kama sisi tungekiita kila kijitabu «Abunuwasi».

Sasa njoo Ruziba, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Rumonge. Huku Kifaransa kilitangulia shuleni na ofisini. Karatasi iliyokunjwa ni «dépliant», kwa sababu unaikunjua; yenye kurasa zilizoshonwa pamoja ni «brochure», kutokana na kitenzi cha kushona; ya siasa ni «tract». Wafaransa nao waliazima «pamphlet» kwa Waingereza, lakini wakaitia makali: kwao ni andiko la kumshambulia mtu. Kwa hiyo mgeni kutoka Nairobi akiomba «pamphlet» ya malaria mbele ya muuguzi aliyesoma Kifaransa, asishangae akitazamwa kwa mashaka. Tangu mwaka 2014 Kiingereza nacho ni lugha rasmi ya Burundi, basi mkanganyiko huu una maisha marefu. Mimi ningeomba kijitabu tu, na kama ni karatasi moja, kipeperushi.

UNESCO iliweka mipaka ya kijitabu mwaka 1964: kurasa 5 hadi 48 bila kuhesabu jalada. Ukurasa wa 49 ukiongezwa, hicho ni kitabu.

Serikali zikiogopa haziangalii wingi wa kurasa. Nchini Kenya, mwaka 1982, mhadhiri wa sheria Willy Mutunga alishtakiwa kwa kupatikana na karatasi iliyodaiwa kuwa ya uchochezi, kisha akawekwa kizuizini. Mwaka 2011 aliapishwa kuwa Jaji Mkuu.