Finyanga zimwi lako: Udongo wa polima kwa anayeanza

UKISIKIA udongo wa polima, usifikirie matope ya mtoni. Hii ni plastiki laini, PVC ileile ya mabomba ya maji, iliyotiwa rangi na kemikali ya kuilainisha. Haikauki kwa hewa. Iache mezani wiki nzima, bado utaibonyeza. Kinachoifanya iwe ngumu ni joto la oveni, na hapo ndipo chapaa za wengi huungua.

Chagua kiumbe kwanza. Si lazima liwe joka la sinema. Tunalo zimwi la hadithi za nyanya zetu, na uzuri wake ni kwamba halina sura rasmi. Jicho moja, masikio ya sungura, kitambi, poa tu. Nani atakwambia umekosea?

Fimo ya Ujerumani au Sculpey ya Marekani si bei ya njugu, kwa hivyo jaribu umbo lako kwa unga kwanza: vikombe viwili vya ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo kidogo hadi ukandike kama wa chapati. Mkono ukizoea, fungua pakiti.

Kiini. Finyanga foili ya jikoni iwe donge gumu kama yai. Hilo ndilo tumbo. Linapunguza udongo unaotumia na kusaidia zimwi liive sawasawa.

Kanda. Kanda hadi udongo uache kupasuka. Anza na rangi nyeupe. Nyekundu hung'ang'ania vidoleni na kuchafua zote.

Visha. Sukuma udongo kwa chupa ya kioo uwe na unene wa milimita tano hivi, kisha funika foili. Kabla ya kubandika mkono au mkia, kwaruza pande zote mbili kwa kijiti cha meno ndipo zishikane. Shingo nyembamba itie waya ndani. Miguu iwe mikubwa, la sivyo litaanguka kifudifudi.

Macho. Tumia shanga za kioo; za plastiki huenda zikayeyuka. Yaweke chini kidogo usoni na yaachane, zimwi lipate sura ya kitoto.

Oka. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la oveni usipolijua litakula pesa zako zote. Soma pakiti: Fimo huokwa kwa nyuzi 110 kwa dakika 30, Sculpey nyingi ni nyuzi 130. Oveni nyingi hudanganya, hivyo weka kipimajoto ndani.

Usitumie maikrowevu wala sufuria juu ya gesi, na usiongeze moto eti uwahi. PVC ikiungua hutoa gesi inayowasha macho na koo. Ukisikia harufu kali, zima, fungua madirisha, toka nje. Huna oveni? Mwombe rafiki aliye nayo, muoke kazi zenu pamoja. Trei na visu vya udongo visirudi kwa chakula.

Likitoka, zimwi litakuwa bado laini kidogo. Usipaniki, usilirudishe. Huwa gumu likipoa. Kisha lipake rangi ya akriliki.

Na mguu mmoja ukitokea mfupi? Lifinyangie mkongojo.