Petroli Imeishia Wapi?

Corolla KE70 ya injini ya 4K ina kitu ambacho magari ya leo hayana: kidirisha cha kioo kwenye bakuli la kabureta. Ukichungulia unaona petroli imefika wapi. Gari likigoma kuwaka, anzia hapo, kabla hujashika bisibisi.

Petroli ikiwa kwenye alama, basi tangi, mipira, chujio na pampu vimefanya kazi yao. Injini ikiwa imezimwa, fungua chujio la hewa, vuta eksileta kwa mkono, utazame kooni mwa kabureta. Lazima uone petroli ikiruka kama uzi. Ikiruka na gari bado haliwaki, toa plagi. Zikiwa zimelowa, mafuta yamezidi, na mara nyingi choki imekwama ikiwa imefunga.

Kioo kikiwa kikavu, mara nyingi kazi iko nyuma. (Gari lililokaa wiki kadhaa juani, petroli ya bakuli huwa imekauka tu; piga stata sekunde 10, ipumzishe, rudia.) Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, utumbukize kwenye chupa. Chomoa na waya mnene wa koili pale kwenye distributa, uubane kwenye chuma cha injini usirushe cheche, kisha mwenzako apige stata. Fanyia nje, injini ikiwa imepoa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kukuta moto usioutarajia. Pampu nzima hutema kwa mapigo unayoweza kuyahesabu.

Isipotema, wengi hukimbilia kununua pampu mpya, na hapo ndipo pesa za watu hupotea bure. Kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu petroli haisukumwi, inavutwa. Mpira uliopasuka upande huo huweza usidondoshe hata tone wakati pampu inavuta; unanyonya hewa, kama mrija wa soda uliotoboka. Unavuta, mdomo unajaa upepo. Chini ya gari pakavu, nawe unaapa kwamba mipira ni mizima!

Jaribio lake ni rahisi. Funga mpira mpya mfupi kwenye mdomo wa pampu wa kuvutia, ncha ya pili uizamishe kwenye chupa ya petroli safi. Ikianza kutema, pampu haina kosa. Kabla ya kulala chini ya gari kukagua mipira, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, tundu lake la kupumulia limeziba, na pampu ilikuwa ikishindana na tangi lililokosa hewa.

Pampu ikikataa hata kwa chupa, diaframu yake huenda imechanika, petroli ikavujia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, usiwashe tena: oili imekuwa nyepesi na haizilindi beringi. Badilisha pampu kwanza, ndipo umwage oili yote na kuweka mpya.