Kwa nini sindano ya jana haitoshi leo

Mwezi huu tunajibu swali lililotushinda palepale darasani.

Mama mmoja wa darasa letu la watu wazima alikuwa anafunga safari kwenda Mbale kwa dada yake, kupitia Jinja. Mtoto wake wa miaka 11 ana kisukari, anadungwa insulini kila siku. Jirani yake naye ana shida ya tezi ya shingo, anameza kidonge kimoja asubuhi, na siku akisahau wala hasikii kitu. Basi mama akauliza: "Walimu, huyu wangu si apumzike sindano siku tatu za safari? Mbona jirani anasahau na haumwi?"

Tulimwambia asithubutu. Lakini kwa nini, hapo tukababaika, ikabidi tuulize zahanati na kufungua vitabu.

Insulini ni homoni, na dawa ya jirani pia ni homoni. Homoni ni kama barua: tezi inaiandika, damu inaibeba. Damu ya mtu mzima, kama lita 5, inazunguka mwili mzima kwa dakika moja hivi, kwa hiyo barua inafika kila mahali upesi. Tofauti ni muda inaodumu njiani.

Fikirieni barabara ya Jinja kwenda Mbale. Kuna abiria wa matatu na kuna mtu wa mguu. Thairoksini, homoni ya tezi ya shingo, ni abiria. Katika kila sehemu 100 zake, zaidi ya 99 zimekaa juu ya protini zinazotengenezwa na ini. Akiwa ndani ya gari hafanyi kazi, lakini pia hakuna wa kumkamata. Wachache wanashuka Iganga, wachache Namutumba, wengine Budaka, na hao walioshuka ndio wanaofanya kazi. Hivyo zinapita kama siku 7 ndipo nusu yake iishe. Jirani akisahau leo, bado ana akiba. Ila asizoee, akiba huisha.

(Tukiwa bado hapo Mbale: tezi hiyo inahitaji iodini, na kwenye milima yenye mvua nyingi maji huiosha kutoka kwenye udongo. Ndiyo maana milimani watu wengi walikuwa wakiota rovu, na tangu miaka ya 1990 Uganda inataka chumvi ya kula iwe na iodini. Chumvi iliyoachwa wazi inaipoteza, kwa hiyo funikeni mkebe.)

Insulini sasa ndiyo mtu wa mguu. Hana gari. Akitoka kwenye kongosho anapita kwanza kwenye ini, na ini linammaliza karibu nusu hapo hapo. Wanaobaki, figo nazo zinachukua sehemu yao. Ndani ya damu nusu yake inatoweka kwa dakika kama 5 tu! Sisi tulidhani huo ni udhaifu, kumbe ndio usalama wenyewe. Sukari hupanda ukila na kushuka ukikaa njaa. Barua ya chakula cha mchana ikiendelea kusomwa usiku kucha, sukari itashuka mpaka mtu azimie. Kwa sababu hiyo pia mgonjwa wa figo anaweza kupunguziwa kipimo na daktari, maana kwake insulini inachelewa kuondoka. Msiazimane vipimo.

Sindano hudumu saa kadhaa kwa vile inawekwa kwenye mafuta chini ya ngozi, inaingia damuni kidogo kidogo. Ikiisha pale, imekwisha. Mtoto ambaye kongosho lake haliitengenezi tena hana akiba yoyote. Akikaa bila insulini, hata siku moja au mbili, damu inakuwa na asidi: anatapika, anapumua kwa nguvu, mdomo unanuka kama matunda, anazimia, na anaweza kufa. Kabla ya mwaka 1922, kijana wa miaka 14 alipodungwa insulini huko Toronto, Kanada, watoto kama hao hawakuishi muda mrefu.

Mama akasema basi, lakini joto je? Yeye hana friji. Wengi wetu hatuna. Habari njema ilitoka kambi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya: utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba insulini iliyokaa majuma 4 kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 37, kama la nyumba za kule, ilibaki na nguvu yake. Hiyo haina maana muiache juani. Chungu cha udongo kilicholoweshwa, kivulini, kinasaidia, na chupa isiingie maji.

Alisafiri na chupa mbili ndani ya kitambaa kibichi, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, pamoja na karatasi ya kliniki, maana Jinja na Mbale zote zina hospitali ya rufaa. Kondakta alitaka kuweka begi karibu na injini. Mama anasema alilipakata mpaka Mbale, na mtoto alidungwa Tirinyi, kabla ya kula chapati.