Umetoka mjini kuja kufuga kuku? Soma kwanza yaliyonikuta

Wiki iliyopita alinipigia simu kijana mmoja. Ameacha kazi ya duka Dar es Salaam, amehamia kijijini, na tayari amelipia oda ya vifaranga 500 wa chotara. Alitaka nimwambie atauza bei gani. Nikamuuliza, "Banda unalo?" Akasema fundi anamalizia. "Umewahi kulea hata kifaranga mmoja?" Kimya.

Sikumcheka. Nilikuwa hivyohivyo, tena mimi nilikuwa na stashahada ya mifugo mkononi.

Nimezaliwa na kukulia Temeke. Kuku niliyemjua vizuri ni yule wa kwenye sahani. Chuoni mazoezi tulifanyia kwenye banda lenye umeme na mtu wa zamu. Ajira ikanipeleka Mufindi, mkoani Iringa, kijiji cha milimani ambako umeme ulikuwa haujafika. Niliingia mwezi wa sita. Usiku wa huko mwezi wa sita na wa saba acha tu, joto linashuka chini ya nyuzi 10. Nami nikaagiza vifaranga 100, ili wanakijiji waone bwana mifugo anafanya anachokisema.

Kitabu kinasema kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35. Sawa. Nikaziba banda lote kwa nailoni, mpaka matundu ya juu, nikaweka jiko la mkaa katikati, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta vifaranga 37 wamekufa. Nikajua ni baridi tu. Nikapanga usiku unaofuata niongeze mkaa.

Aliyeniokoa ni bibi jirani yangu. Alipita asubuhi hiyohiyo, akanisalimu "Kamwene", akachungulia ndani, akarudi nyuma ameziba pua. "Bwana mifugo, humu hata wewe ungekufa." Harufu iliyomrudisha ilikuwa amonia, ya kinyesi na maranda yaliyolowa. Lakini kilichoua zaidi hakina harufu kabisa: ni hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka mahali palipozibwa. Hili nililisoma chuoni na kulijibu kwenye mtihani. Kumbe kulijibu na kuliona ni vitu viwili.

Tukatoa nailoni ya juu, tukaacha uwazi chini ya paa upande usiopigwa na upepo. Chini tukaziba vizuri. Mkaa tukawa tunauwashia nje mpaka uive, usiwe na moshi, ndipo tunauingiza kwenye chungu. Tukazungusha maboksi yaliyokunjuliwa kuwa duara, maana banda lenye kona vifaranga hujibana konani na kukanyagana mpaka kufa. Bibi hakuwahi kushika kipimajoto. Alisema, "Watazame walivyolala." Wakirundikana karibu na chungu, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni huku wameachama midomo, joto limezidi. Wakijirundika upande mmoja tu, kuna upepo unapenya. Wakitawanyika sawasawa na kulala, nenda na wewe ukalale. Kwa wiki mbili nilikuwa naamka saa sita na saa kumi usiku kuwatazama. Kipimajoto nunua, bei yake ni ndogo, ila hakiwezi kukuambia upepo unaingilia wapi.

Chakula sitaongea sana leo. Ukianza na chakula cha vifaranga cha kuaminika, maji safi kila siku na vyombo unavyoviosha kweli, hapo hutakwama. Wengi tunakwama kwenye ugonjwa.

Vifaranga wangu walipofika wiki ya tisa walikuwa 58, wamechangamka, nimeanza kupiga hesabu za mauzo. Siku hiyo nilikwenda kijiji cha pili kumtibu ng'ombe. Wenye ng'ombe wakafurahi, wakanifungia jogoo wa zawadi. Ninyi wa mjini mjue hili: huku kuku wa zawadi hakataliwi. Ukimkataa umewakataa wao. Nikamfunga kwenye pikipiki, nikafika nyumbani, nikamwachia bandani na wenzake.

Siku ya tano jogoo akapooza, mabawa yameshuka, anaharisha kijani. Ilikuwa mdondo, ugonjwa ambao wengine wanauita kideri. Nikajipa moyo kwamba vijana wangu wamechanjwa mara mbili, wiki ya kwanza na ya tatu, kwenye maji ya kunywa. Ndani ya siku kumi walibaki 6.

Nilirudia hatua zote kichwani mpaka nikalipata kosa. Maji niliyochanganyia chanjo yalitoka kwenye ndoo yangu ya kunywa, ambayo kwa mazoea ya mjini nilikuwa naitia dawa ya klorini. Chanjo ile ni kirusi hai kilichopunguzwa makali. Klorini ilikiua ndooni. Kuku wangu walikunywa maji matupu, nami nikaandika kwenye daftari "wamechanjwa".

Hilo halikuwa baya kuliko yote. Kuku wa bibi walikuwa na kawaida ya kuvuka uani kwangu kudonoa pumba. Alikuwa nao 11, mmoja analalia mayai. Walikufa wote. Kuku wale ndio waliokuwa daftari na sare ya mjukuu wake.

Nilikwenda kuomba radhi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akanipa kigoda. Nikatoa pesa, akairudisha mkononi mwangu. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo chanjo ya wako, wangu ilikuwa haiwafai?"

Sikuwa na jibu. Miezi miwili amenifundisha kulea vifaranga, na chupa moja ya chanjo inatosha kuku zaidi ya 100. Sikuwahi kumdondoshea kuku wake hata tone.

Kwa hiyo kijana, ukipewa jogoo pokea kwa mikono miwili na ushukuru. Halafu kuna njia mbili. Ama mchinje siku hiyohiyo, manyoya na matumbo ufukie shimo refu. Ama mweke kwenye tenga mbali na banda kwa wiki mbili hadi tatu, umlishe wa mwisho baada ya wenzake, na unawe mikono. Kuku wa mnadani ni hivyohivyo.

Chanjo ibebe kwenye chombo chenye barafu. Ukitumia maji, tumia ya mvua au ya kisima yasiyo na dawa, changanya na maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, na uwanyime maji saa moja hadi mbili kabla ili wote wanywe haraka. Mimi sasa kwa kuku wa kijijini natumia ile ya matone, I-2, tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu. Ni kazi ya kukamata kuku mmoja mmoja, lakini unajua nani amepata. Usichanje banda lako ukaacha la jirani. Kuku hawajui mpaka.

Yule kijana tumeongea tena. Amepunguza oda hadi 100, zilizobaki zitakuja akishawafikisha hawa sokoni. Amelalamika kwamba hesabu yake ya faida imeharibika. Nimemwambia anunue tochi.

Mzunguko wa chanjo naanza saa kumi na moja alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, na banda la kwanza ni la bibi. Sasa anao 19. Huwa ananisubiri mlangoni ameshawahesabu.