Beberu, Mtamba na Dang'a: Msamiati wa Mfugaji wa Mbuzi

Mwanafunzi wa sekondari hulikuta neno ubeberu katika somo la historia, pengine kabla hajaingia zizini hata mara moja. Lakini asili ya neno hilo ni zizi: beberu ni mbuzi dume aliyekomaa.

Huko Maisaka, katika mji wa Babati, mkoani Manyara, maneno ya namna hii yana uzito wa pekee. Eneo la Babati ni makutano ya lugha: Kigorowa na Kiiraqw ni za Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, na Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Wasemaji wa lugha hizo wanapoonana na bwana mifugo, kinachowaunganisha ni Kiswahili. Neno likikosewa, ushauri nao huenda upande.

Mbuzi jike ambaye hajazaa huitwa mtamba. Aliyekwisha kuzaa ni koo. Dume aliyeondolewa uwezo wa kuzalisha husemwa kuwa amehasiwa. Tofauti hizi si za kamusi tu. Dume huweza kupanda akiwa na umri wa miezi minne hivi, na akiachwa pamoja na mama na dada zake, atawapanda. Uzao wa ndugu kwa ndugu hudhoofika kizazi hata kizazi. Mfugaji aliyeandika daftarini "mbuzi 6" haoni hatari yoyote. Aliyeandika "koo 3, mitamba 2, dume wa miezi mitatu 1" anaona kwamba amebakiwa na mwezi mmoja wa kumtenga au kumhasi.

Jike aliye tayari kupandwa husemwa kuwa yumo katika joto: hulia mara kwa mara, hutikisa mkia, na sehemu zake za uzazi huvimba. Asiposhika mimba, joto hurudi baada ya siku 21 hivi. Akishika, huibeba kwa siku zipatazo 150. Kwa hiyo tarehe ya kupandwa ikiandikwa, siku ya kuzaa hukadiriwa mapema, na banda huandaliwa.

Baada ya kuzaa, kiwele hutoa kwanza dang'a, maziwa mazito yenye rangi ya manjano. Asiyejua kazi yake huweza kuyamwaga akidhani ni machafu. Kumbe kondo la mbuzi halipitishi kinga ya maradhi kutoka kwa mama hadi kwa kitoto tumboni. Kinga hiyo hupatikana katika dang'a. Tena utumbo wa kitoto huweza kuipokea kwa saa chache tu, na uwezo huo hutoweka kadiri siku ya kwanza inavyokwisha. Kitoto kilichokosa dang'a katika saa hizo hakiwezi kufidiwa kwa maziwa ya kesho yake, hata yakiwa mengi kiasi gani.

Somo la biolojia na somo la Kiswahili, basi, hukutana katika zizi moja.