Kabla Hujatuma Pesa ya Pikipiki

Swali la pikipiki ambalo linatufikia sana si la bei, na wala si la kama Boxer inashinda TVS. Ni hili: "Nimetuma pesa ya pikipiki, sasa mwenyewe hashiki simu. Mnaweza kunirudishia?"

Mara nyingine tunaweza, kama umepiga mapema na pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyetumiwa. Ikishatolewa kwa wakala, hakuna kitu cha kushika tena. Unabaki na ripoti ya polisi na deni la chama. Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu ile saa moja kabla ya kubonyeza "Tuma", hasa kwa anayenunua pikipiki iliyotumika. Ya dukani haina maneno mengi: lipa kwa nambari ya kampuni yenyewe, si ya muuzaji aliyekuhudumia, chukua risiti, na uhakikishe inasajiliwa kwa jina lako.

Anza na karatasi. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunawasha injini, tunaisikiza, tunaipenda, halafu tukishaipenda ndio tunauliza kama iko na logibuku. Hapo hata ukiambiwa "iko nyumbani kwa mama" unaamini.

Omba nambari ya usajili, zile za pikipiki zinazoanza na KM, na kitambulisho cha muuzaji. Ingia eCitizen, sehemu ya NTSA, na ufanye upekuzi wa rekodi ya hiyo nambari. Kuna ada ndogo, na inalipwa kwa Paybill ya serikali, 222222. Mtu akikwambia umtumie yeye "akufanyie haraka", mwambie asante. Rekodi itakuonyesha jina la mmiliki, nambari ya injini na nambari ya chasisi. Sasa geuza usukani, pangusa matope kwenye shingo ya fremu, usome nambari iliyogongwa pale. Soma na ya injini. Zikilingana na rekodi, endelea. Zikiwa zimekwaruzwa au zinaonekana zimegongwa upya, rudi nyumbani na pesa yako, hata kama bei ni tamu kiasi gani.

Na jina likiwa si la muuzaji? Utasikia hadithi ya kaka aliye Qatar. Inaweza kuwa kweli, watu wana ndugu Qatar. Lakini uhamisho wa umiliki huanzishwa na mwenye jina, kupitia akaunti yake mwenyewe ya eCitizen, kisha wewe unaukubali kwenye yako. Kaka akiwa kweli anauza, apige simu ya video leo na auanzishe. Asipopatikana, huna pikipiki ya kununua hapo.

Kuna mtego mwingine ambao hauna mwizi ndani yake, na ndio unaumiza watu wazuri. Pikipiki nyingi pale steji ni za mkopo. Mwendeshaji alilipa deposi, sasa analipa kila siku au kila wiki, na hadi amalize, aliyemkopesha bado ana haki juu ya hiyo pikipiki na kwa kawaida jina lake limo kwenye logibuku. Mara nyingi kuna treka imefichwa chini ya kiti. Mwendeshaji akikwama na karo, anakuuzia kwa bei ya kutupa na kukuahidi atamaliza deni. Asipomaliza, siku moja unaamka na pikipiki haiko, na walioichukua wana haki ya kuichukua.

Si lazima ukatae pikipiki ya namna hiyo. Nenda naye kwa mkopeshaji, muulize salio mbele yenu wote. Tuseme mmekubaliana 90,000 na deni limebaki 38,000. Lipa hizo 38,000 moja kwa moja kwa nambari ya mkopeshaji, kwa akaunti ya mkopo huo, mpewe barua kwamba deni limeisha. Zile 52,000 ndizo za muuzaji, na anazipata jina la mkopeshaji likishatoka.

Sasa injini. Njoo na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Kabla ya kuwasha, gusa injini. Ikiwa tayari ina moto, jiulize kwa nini ilipashwa kabla hujafika. Labda inakataa kuwaka asubuhi. Moshi wa samawati kwenye ekzosi ni oili inaungua. Tazama pia kama gurudumu la mbele limenyooka na usukani, maana ajali huacha alama hapo. Mengine fundi atakuonyesha. Pesa utakayompa kwa hiyo nusu saa haitakuuma.

Siku ya malipo, kutana nao mchana, mahali penye watu, ikiwezekana penye saiba ili mfanye uhamisho palepale. Usitume deposi ya "nikushikie" kwa pikipiki ambayo hujaiona. Hao wateja watatu wanaokuja jioni hawapo. Andikeni makubaliano: majina, nambari za vitambulisho, nambari ya usajili, chasisi, bei, tarehe na saa. Ndiyo, hata saa. Pikipiki ikiwa iligonga mtu asubuhi na wewe umeinunua alasiri, hiyo saa itakuokoa.

Jina linapotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN, lisome polepole. Liwe lile la kwenye logibuku. "Tuma kwa ya bibi yangu, yangu imejaa" ni sababu ya kusimama. Kiasi kimoja kwa muamala kinaweza kufika shilingi 250,000, kwa hivyo pikipiki nyingi zilizotumika zinalipika bila kubeba noti mfukoni. Tunapenda zaidi ukilipa kwa awamu mbili: sehemu unapochukua ufunguo, iliyobaki uhamisho ukishaonekana kwenye akaunti yako ya eCitizen. Kodi za miamala yote miwili ziandikwe kwenye makubaliano.

Ukishakuwa nayo, bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, lakini haikulipi pikipiki ikiibiwa. Wizi unahitaji bima kamili, ama angalau kufuli nzito na treka yako mwenyewe. Na kama unabeba abiria, kata bima ya boda, si ya matumizi binafsi. Ile ya binafsi ni nafuu, lakini siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa. Leseni nayo iwe ya daraja A3.

Wauzaji, na nyinyi mko na hatari yenu. Ujumbe wa malipo unaweza kutungwa na mtu yeyote mwenye simu. Angalia salio lako kabla ya kutoa ufunguo, si ujumbe. Mteja akitaka kuijaribu, keti nyuma yake.

Halafu kuna lile ambalo watu huliacha kwa sababu pesa ishaingia: uhamisho. Sheria ya Trafiki inamhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vingine, na pikipiki iliyouzwa haifai kuwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Ikitumiwa kwa wizi huko Mlolongo miezi sita baadaye, mlango utakaobishwa ni wako. Ingia eCitizen siku hiyohiyo, anzisha uhamisho, mpigie mnunuzi hadi aukubali, kisha upige picha ya skrini na kuihifadhi pamoja na makubaliano na ujumbe wa malipo.